Kaburi Linalojengwa kwa Miezi Tisa

Dereva wa trekta hapendi kizuizi. Shamba zuri la ngano machoni pake ni lile ambalo jembe linaingia upande huu na kutokea upande ule bila kugeuzwa, na nyanda za Basotu, kaskazini-magharibi ya Mlima Hanang, zilikuwa karibu kabisa na ndoto hiyo: ardhi tambarare, udongo wenye rutuba, miti ya kuhesabu. Hapa na pale tu palikuwa na vilima vidogo vya udongo, vingine vimeota majani, vingine vimeshaanza kubomoka. Mgeni angeviona angesema ni vichuguu. Wazee wa Kibarabaig walikuwa wakivitaja kwa majina ya watu.

Kila kilima kilikuwa kaburi, na kaburi la namna hiyo halikupatikana kwa siku moja. Kwa Wabarabaig huitwa bung'eda. Neno hilo hutumika kwa kilima chenyewe na pia kwa shughuli nzima ya msiba inayokizaa, shughuli ambayo George Klima, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, alieleza kuwa huchukua karibu miezi tisa. Hesabu hiyo ni ngumu kuipita bila kuifikiria mimba, hasa kwa watu ambao katika mila zao uzazi na kifo havikai mbali.

Wabarabaig ni kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Wadatoga, wafugaji wa jamii ya Waniloti waliotoka kaskazini karne nyingi zilizopita na ambao lugha yao ina undugu na ile ya Wakalenjin wa Kenya. Kabla ya kuwa watu wa Hanang, Wadatoga walikuwa watu wa Ngorongoro. Wamaasai waliwatoa huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakawasukuma kusini kuelekea Ziwa Eyasi, Mbulu na nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417. Tangu hapo mlima ule umekuwa kama nguzo ya nchi yao, na ndani ya nchi hiyo makaburi yakaanza kuota moja baada ya jingine.

Si ya kila mtu. Zamani maiti ya Mbarabaig wa kawaida, na hasa ya mtoto au kijana, haikuzikwa. Ilipelekwa porini, na fisi wakamaliza kazi. Msomaji wa pwani aliyezoea sanda, jeneza la msikitini na hitima ya siku tatu huenda akashtuka. Lakini desturi hiyo ndiyo inayoonyesha uzito wa bung'eda. Mahali ambapo wengi hawana kaburi, kaburi moja ni tamko. Ilibidi marehemu awe mzee wa heshima, mwenye uzao, mwenye jina safi katika ukoo na mbele ya majirani. Mara nyingi alikuwa mwanamume, ingawa mwanamke mzee wa hadhi naye aliweza kufanyiwa. Na walioamua hawakuwa watoto wake peke yao. Ukoo ulikaa, ukazungumza, ukapima.

Uamuzi ukishapita, kazi huanza, na kazi hiyo ndiyo msiba wenyewe. Marehemu huzikwa katika boma lake. Juu ya kaburi hupandishwa kilima kwa awamu, cha miti, udongo na majani, hadi kizidi kimo cha mtu. Hakuna fundi anayelipwa. Kuna wajibu wa watoto, wajibu wa wakwe, wajibu wa ukoo, wajibu wa majirani wasio na damu moja na marehemu. Kila awamu ina watu wake, na asiyetokea huonekana. Mtu akitaka kujua nani ni nani katika eneo lile, nani amemwoa dada ya nani, nani ana ugomvi na nani, hana haja ya kuuliza. Asimame tu kando ya kilima atazame ni nani anashika nini.

Halafu kuna asali. Bila asali hakuna bung'eda, kwa sababu pombe ya asali ndiyo kinywaji cha baraka katika shughuli zote kubwa za Wadatoga. Asali huchanganywa na maji, hutiwa mizizi ya kuchachusha, huwekwa ndani ya vibuyu vikubwa karibu na moto ili joto lisipungue, na huangaliwa na wazee wanaojua ni wakati gani imeiva. Si kinywaji cha kulewea tu, ingawa kulewa kupo. Mzee hupuliza matone yake hewani anapoomba, na mengine huangukia ardhini kwa ajili ya waliotangulia. Kuandaa pombe ya kuwatosha mamia ya watu, mara kadhaa ndani ya miezi hiyo, ni mzigo unaoumaliza ukoo usio na mifugo. Hapo ndipo unapoona kwamba heshima ya marehemu inategemea pia uwezo wa walio hai, jambo ambalo wazee hulikubali bila aibu.

Siku ya kilele watu hutoka mbali. Wanawake huja wamevaa hanang'weend, sketi ya ngozi yenye mikunjo mingi ambayo mwanamke wa Kidatoga huivaa baada ya kuolewa na ambayo yenyewe ina utakatifu wake, maana husimuliwa kwamba ilitoka kwa Udameselgwa, roho wa kike anayewalinda wanawake. Nyimbo zao ni sala, na baadhi huelekezwa kwa Aseeta, Mungu, ambaye jina lake linagusana na la jua. Wanaume husimama na fimbo zao. Mwishowe mwana wa kiume wa marehemu hupanda juu ya kilima mbele ya halaiki yote. Anaposhuka, msiba umekwisha. Marehemu ameacha kuwa maiti wa familia fulani na amekuwa mzee wa mahali.

Baada ya hapo boma huweza kuhama. Wafugaji huhama, malisho yakiisha upande mmoja, kuna upande mwingine. Miti ya uzio huoza, zizi huwa shamba la magugu, na kilima hubaki. Hata nacho hushuka kidogo kidogo kwa mvua za miaka. Hakuna anayekipaka saruji. Kinachokidumisha ni kurudi kwa watu. Ukame ukizidi, mwanamke akichelewa kupata mtoto, ng'ombe wakifa kwa ugonjwa usioeleweka, au ndoto ya babu ikija mara mbili, ukoo hushika njia kwenda kaburini na maziwa na pombe ya asali. Humwaga, huomba, huzungumza na mzee kwa jina lake, hula pamoja, hurudi. Safari hizo hazina tarehe kwenye kalenda, na pengine ndiyo sababu maofisa wengi, wa kikoloni na wa baada ya uhuru, walizipita bila kuziona.

Ushahidi mkubwa kwamba kurudi kuna nguvu kuliko kumiliki uko nje ya Hanang. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, karibu na msitu wa Lerai, pana kaburi la kiongozi wa Wadatoga aliyeuawa katika vita na Wamaasai, na alama yake ni miti mikubwa ya mkuyu. Wadatoga walishindwa vita ile, wakaondoka, na nchi ikawa ya wengine kwa zaidi ya karne moja. Baadaye ikawa ya simba, watalii na Mamlaka ya Hifadhi. Lakini Wadatoga wameendelea kwenda kutambika hapo, na Wamaasai, maadui wa wakati ule ambao ndio waliowabandika jina la Wamang'ati, hawakuigusa mikuyu. Washindi wachache hupata wageni wa namna hiyo, na wachache zaidi huwaachia njia.

Afrika Mashariki ina mifano inayojulikana zaidi. Kasubi, jijini Kampala, ni makaburi ya makabaka wanne wa Buganda, kuanzia Muteesa wa Kwanza. Yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, jengo lake kuu la nyasi likateketea kwa moto Machi 2010, na Waganda wakalijenga tena. Namugongo hujaa mahujaji kila tarehe 3 Juni. Mashia wa Dar es Salaam na Zanzibar huandamana kila Muharram kuomboleza kifo kilichotokea Karbala mwaka 680, na wenye uwezo husafiri hadi Karbala yenyewe. Katika sehemu zote hizo kuna jengo, kuna walinzi, kuna siku maalumu. Kaburi la Mbarabaig halina hata kimoja kati ya hivyo. Lina kilima cha udongo na wajukuu wanaokumbuka njia.

Mbali kidogo na Basotu, juu kwenye milima ya Mbulu, Wairaqw walikuwa wakifanya karibu kinyume chake. Kwao kifo kiliifunga nyumba. Desturi iliyoitwa metimani iliwaweka wafiwa kando na jamii kwa muda ambao ulitegemea aina ya kifo, kuanzia siku chache hadi miezi mingi. Hawakuchangia moto na majirani, hawakunywa kwenye kibuyu kimoja na wengine, ng'ombe wao hawakuchungwa na kundi la kijiji. Hofu ilikuwa kwamba uchafu wa kifo ungeweza kuenea kwenye maji, kwenye mifugo, kwenye matumbo ya wanawake, na hatimaye kwenye mvua. Familia iliyokiuka ilijitia matatani na eneo zima.

Eneo hilo, aya kwa Kiiraqw, ndilo lililokuwa kitu kitakatifu. Robert Thornton, aliyefanya utafiti kwa Wairaqw na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980, alionyesha jinsi tambiko la masay lilivyoifanya mipaka ya aya iwe hai: mnyama wa sadaka alizungushwa mpakani na kuchinjwa, ili mabaya yote yatolewe nje na baraka ibaki ndani. Chini ya ardhi na kwenye chemchemi waliishi neetlangw, roho za kuogopwa. Juu alikuwa Looaa, Mungu wa kike mwenye uso wa jua. Wazee walikutana na kutongoa slufay, maombi marefu ya kupokezana ambapo mmoja husema na wengine huitikia, kuombea nchi nzima itulie. Mtu mmoja mmoja aliyekufa hakuwa na nafasi kubwa katika ramani hiyo. Mwiraqw alilifanya eneo liwe takatifu kwa kukiondoa kifo; Mbarabaig alifanya hivyo kwa kukijengea kilima.

Kutofautiana huko hakukuwazuia kuishi pamoja. Wameoana kwa vizazi, waganga wa upande mmoja hutafutwa na wagonjwa wa upande wa pili, na tangu mpango wa maendeleo wa Mbulu wa mwishoni mwa miaka ya 1940 na miaka ya 1950, uliofyeka vichaka vya mbung'o na kufungua ardhi mpya, Wairaqw wengi wameshuka na majembe yao hadi Hanang. Leo sokoni Katesh hutajua kwa haraka ni nani Mwiraqw na ni nani Mbarabaig, isipokuwa kwa wanawake wachache wanaovaa ngozi na vikuku vya shaba. Makaburi hata hivyo yalibaki upande wa Wabarabaig, na yakawakuta Wakanada.

Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitaka mkate. Miji ilikuwa inakua, ngano ilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na Kanada ilikuwa na ujuzi wa kulima nyanda kavu kwa mashine kubwa. Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, likaanza na shamba la Basotu, kisha yakafuata mengine: Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Kufikia miaka ya 1980 mashamba hayo saba yalikuwa yamechukua takriban ekari 100,000. Kwa hesabu ya taifa hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya Wilaya ya Hanang. Kwa hesabu ya mfugaji ilikuwa moyo wake. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka hiyo, alieleza jinsi walivyohamisha ng'ombe kwa mzunguko kati ya aina kadhaa za malisho, na kwamba muhajega, yale mabonde yenye majani bora ya msimu wa mvua, ndiyo yaliyolimwa. Ukikata sehemu moja ya mzunguko, zilizobaki hulemewa.

Wakati huohuo, kati ya 1974 na 1976, Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwakusanya watu mahali pamoja kote nchini. Maboma yalivunjwa, watu wakawekwa kwenye safu za nyumba, na makaburi yakabaki kule yalikokuwa maboma. Ofisa aliyepita baadaye aliona uwanda mtupu. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na shamba, kwa hiyo hakukuwa na mwenyewe.

Trekta zikapita. Wabarabaig wamelalamika tangu wakati huo kwamba makaburi ya wazee wao yalilimwa, na kwamba hata pale kilima kiliposalia, njia ya kukifikia ilifungwa, na aliyekatiza ndani ya ngano alihesabiwa kuwa mvamizi. Malalamiko haya ya pili husahaulika kirahisi katika maandishi kuhusu Hanang, nayo ndiyo mazito zaidi. Kilima kilichobomoka kwa mvua ni jambo la kawaida. Wazee wamekuwa wakikiona kikishuka miaka yote. Ukoo uliozuiwa kwenda kumwaga maziwa, huo ndio uliopokonywa mzee wake.

Mahakama nayo ilikuwa na macho ya ofisa. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, na mwaka 1984 wakashinda na kutunukiwa fidia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Kijiji, ilisemwa, hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa kisheria. Na wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Watu ambao babu zao walikuwa chini ya udongo wa Basotu waliambiwa kwamba hawajathibitisha uenyeji wao. Sheria ya kikoloni iliuliza swali moja, vilima vikawa na jibu la swali jingine, na hakuna wakili aliyepata namna ya kuviunganisha.

Serikali haikutaka kesi nyingine za aina hiyo. Mwaka 1987, kwa Tangazo la Serikali Namba 88, haki za kimila za ardhi katika vijiji kadhaa vya Hanang zilifutwa. Wazee wa Kibarabaig wakageukia upande wa mfadhili: mwaka 1989 waliwaandikia wananchi wa Kanada barua ya wazi, wakaeleza ardhi, kupigwa, kufukuzwa, na makaburi. Magazeti ya huko yakaandika, maswali yakaulizwa. Mwaka 1993 tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba yale. Kanada ilikuwa ikijitoa, na NAFCO bila mashine mpya na vipuri ilianza kukauka. Mashamba yalipobinafsishwa katika miaka ya 2000, mengine yalikwenda kwa wawekezaji na mengine yakagawiwa wananchi wa vijiji jirani.

Kugawiwa hakukuwa sawa na kurudishiwa. Ekari zilizotolewa zilipimwa kwa ajili ya kulima, na waliozipata walikuwa Wabarabaig, Wairaqw, Wanyaturu na wengine, kila mtu na kipande chake. Mahindi, mbaazi na alizeti sasa vinaota mahali palipokuwa na ngano, na kabla ya ngano malisho. Nchi ya wazi ambamo ukoo ulipita na ng'ombe wake kumsalimia mzee haipo tena.

Bung'eda zenyewe bado zipo, ingawa chache. Walutheri na Wakatoliki wamejenga makanisa hadi vijiji vya ndani, na wengi huzikwa kwa jeneza, msalaba na siku moja ya mapishi. Zipo familia ambazo huanza na misa na kuendelea na pombe ya asali baada ya padri kuondoka. Hakuna anayeona mgongano, au kama anauona hausemi. Vijana walio Arusha na Dar es Salaam hutuma fedha za asali kwa simu. Metimani kule Mbulu imefifia zaidi, maana shule, zahanati na soko haviwezi kumsubiri mfiwa miezi mitatu.

Halafu ukaja msiba ambao haukupitia kwa ukoo wowote. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, ikashuka na mawe, magogo na tope juu ya Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Maombolezo yalikuwa ya kitaifa: viongozi, majeneza kwenye safu, maturubai, viongozi wa dini wakipokezana kipaza sauti. Mlima uliokuwa nguzo ya nchi ndio ulioua, na hapakuwa na muda wa wazee kukaa wakapima nani anastahili kilima na nani hastahili.

Kwa waliopoteza makazi, serikali ilijenga nyumba mpya za matofali upande wa Waret, jina ambalo miaka ya nyuma liliandikwa kwenye vibao vya NAFCO. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayotambua haki ya kimila hata kwa asiye na karatasi, na inayokiruhusu kijiji kupanga matumizi ya ardhi yake na kutenga maeneo ya pamoja. Kijiji kinaweza kutenga njia ya mifugo, msitu, kisima, na kikitaka, kaburi. Ni lazima kwanza mkutano mkuu ukubaliane, na mkutano huo una wapiga kura wengi ambao babu zao hawakuzikwa Hanang. Mahali ambapo haujakubaliana, ukoo unaotaka kumfikia mzee wake aliyelala katikati ya alizeti za mtu mwingine unaanzia kwa mwenye alizeti, na mara nyingi unakwenda baada ya mavuno.